Maswali ya Wasomaji: Chai ya Kijani Itauondoa Ukoga?

Barua nyingi za safari hii zimetoka Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria, na karibu zote zinazunguka jambo moja: chai ya kijani na ukoga wa meno. Tumeziweka pamoja. Kabla ya kujibu, maneno mawili yasituchanganye. Ukoga ni ule utando laini, mweupe au wa manjano, ambao unaweza kuukwangua kwa ukucha pale jino linapokutana na ufizi. Ugaga ni ukoga uliokwisha kuwa jiwe. Ukucha hauutoi, mswaki hauutoi, na tuseme mapema kwamba chai nayo haiutoi.

Shikamooni madaktari. Nilikwanguliwa ugaga hospitali miezi mitatu iliyopita, lakini kila jioni nikipitisha ulimi nasikia meno yana utelezi. Jirani ananiambia ninywe chai ya kijani, inayeyusha ukoga. Ni kweli? Vikombe vingapi kwa siku?
*Mama wa watoto watatu, Buzuruga*

Marahaba, mama. Haiyeyushi. Kazi yake ni kuuchelewesha ukoga mpya usishike sana, na hilo lina maana kubwa ukijua ukoga unavyojengwa.

Ukimaliza kupiga mswaki, dakika chache tu jino limeshavikwa ngozi nyembamba ya protini za mate. Hiyo haina ubaya. Bakteria hutua juu yake ndani ya saa za mwanzo, na miongoni mwao yumo Streptococcus mutans. Huyu akipata sukari hufanya mambo mawili kwa mpigo: anatoa asidi, na kwa kimeng'enya chake anaigeuza sehemu ya sukari hiyo kuwa gundi. Gundi hiyo ndiyo inayowashikilia yeye na wenzake wasisombwe na mate. Utelezi unaousikia jioni ni bakteria hao pamoja na gundi yao. Ukiachwa, ndani ya siku moja hadi tatu utando unakuwa mnene, na ndani ya wiki mbili madini ya mate yanakuwa yamekwisha kuanza kuugandisha. Hapo ndipo ugaga unapozaliwa.

Majani ya chai ya kijani yana kemikali ziitwazo katekini, na iliyo nyingi kuliko zote inafahamika kwa kifupi chake, EGCG. Maabara zimeonyesha kwamba inakizuia kile kimeng'enya cha gundi na inawadhoofisha bakteria wenyewe. Chai pia hupunguza kasi ya kimeng'enya cha mate kinachovunja wanga kuwa sukari. Hilo la mwisho watu hulipita haraka, lakini kwa mlaji wa ugali, mihogo na mandazi lina uzito, kwa sababu punje ya wanga iliyonasa kati ya magego huendelea kugeuka sukari muda mrefu baada ya sahani kuoshwa.

Tafiti zilizofanywa kwa watu wenyewe ni ndogo na nyingi ni za wiki chache. Zaidi zilihusu kusukutua kuliko kunywa. Ukoga ulipungua, na fizi kuvuja damu kulipungua, ila kwa watu waliokuwa wakiendelea kupiga mswaki. Mswaki haukuachwa. Mwaka 1965, Harald Löe na wenzake kule Aarhus, Denmark, waliwaachisha mswaki watu 12 wenye fizi nzima. Kati ya siku 10 na 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia kusafisha meno, fizi zilipona kwa takriban wiki moja. Hakuna kinywaji kinachofanya kazi ya namna hiyo.

Sasa kipimo. Vikombe 2 hadi 3 kwa siku vinatosha. Kila kikombe cha mililita 200 kinataka gramu 2 za majani, yaani kijiko kimoja cha chai cha majani makavu au kifuko kimoja. Chemsha maji, yaepue, yamimine kwenye jagi lililo wazi na usubiri kama dakika 5. Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka yakiwa karibu nyuzi 96, si 100. Unayataka yashuke hadi kwenye nyuzi 80. Mimina juu ya majani, funika, hesabu dakika 3, chuja. Rangi iwe ya manjano hafifu yenye ukijani.

Kosa la wengi linaanzia hapa. Wanaipika kama chai ya rangi: majani ndani ya sufuria, jiko la mkaa linawaka, dakika kumi. Inatoka chungu mpaka ulimi unakauka. Wanaongeza vijiko viwili vya sukari, karibu gramu 10, ili inyweke. Kwa kufanya hivyo wamempa Streptococcus mutans chakula chake kikombe kile kile walichokusudia kumnyima. Asali nayo ni sukari. Na maziwa? Protini ya maziwa hushikana na katekini, zikabaki chache za kufanya kazi mdomoni. Chai hii ni ya kunywa tupu, au usiinywe kwa ajili ya meno.

Kuna jambo lingine, mama, nalo kwa maoni yetu linapita katekini zote. Angalia chupa ya chai inayokaa mezani au dukani tangu asubuhi. Mtu anajimiminia nusu kikombe chenye sukari saa tatu, kingine saa nne kasoro, kingine saa nne na nusu. Kila funda la sukari linaporomosha pH ya ukoga (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi ikizidi) chini ya 5.5, kiwango ambacho enameli, gamba gumu la nje la jino, huanza kupoteza madini, na mate huhitaji nusu saa au zaidi kuirudisha juu. Kwa unywaji wa namna hiyo jino halipati nafasi ya kupumua asubuhi nzima. Ukiitoa chai hiyo ya sukari na kuweka ya kijani isiyo na kitu, hata kama katekini zisingefanya lolote, ungekuwa umeshapata faida kubwa.

Na huo utelezi wa jioni, utafute ulipo. Nunua rangi nyekundu ya chakula, paka mafuta midomoni isitiwe rangi, chovya pamba ya masikio tone moja, ipitishe kwenye meno, kisha suuza mara moja kwa maji. Panapobaki pekundu ndipo mswaki haufiki. Kwa watu wengi ni upande wa ndani wa meno ya mbele ya chini, na magego ya nyuma upande wa shavu. Laza mswaki nusu kuelekea ufizi, tikisa kwa miendo mifupi, dakika 2, asubuhi na usiku, kwa dawa ya meno yenye floraidi, madini yanayosaidia enameli. Boksi liandikwe kati ya 1,000 na 1,500 ppm, ndicho kipimo cha floraidi hiyo. Kati ya meno pitisha uzi wa meno mara moja kwa siku. Mswaki wa mti nao unafaa ukiutafuna hadi uwe na nyuzi laini, lakini nyuma ya magego ni vigumu kuufikisha, na hauna floraidi ya dawa ya meno.

Nimekunywa chai ya kijani mwezi mzima kama mlivyoandika zamani. Meno yameingia rangi ya kahawia, na siku nyingine chai yenyewe inageuka nyeusi kama wino. Nimeuziwa feki?
*Mfanyabiashara wa dagaa, Mwaloni Kirumba*

Huenda majani ni halali kabisa, kaka. Weusi wa wino ni chuma. Chuma kikikutana na tanini za chai huzaa rangi nyeusi ya buluu, ile ile iliyotumika kutengeneza wino wa zamani. Chanzo kinaweza kuwa maji ya kisima yenye chuma, au birika la bati lililopata kutu kwenye mdomo wake. Jaribu hivi: chemsha maji ya bomba kwenye sufuria ya chuma cha pua na utilie chai kwenye kikombe cha kauri au kioo. Ikitoka njano, umempata mwizi.

Kahawia ya meno ni habari nyingine. Chai ya kijani hutia rangi kidogo kuliko chai ya rangi, lakini hutia. Rangi hiyo haishiki sana kwenye enameli safi. Inashika kwenye ukoga na kwenye ugaga, kama vumbi linavyoshika ukuta wenye gundi. Kwa hiyo ukiona kahawia pembeni mwa fizi na katikati ya meno ya chini ya mbele, hapo palishakuwa na kitu kabla ya chai, na panahitaji kukwanguliwa.

Tunauliza pia: je, unatumia dawa ya kusukutua yenye klorheksidini? Hii ni dawa nzuri, hospitali huitoa kwa wiki mbili hivi baada ya matibabu ya fizi, mililita 10 za asilimia 0.2 mara mbili kwa siku. Ila ikikutana na chai au kahawa hutia meno rangi ya kahawia haraka sana. Wakati wa dozi yake, acha chai zote au zitenganishe na dawa kwa saa kadhaa. Na usiisukutue papo hapo baada ya mswaki. Povu la dawa ya meno huidhoofisha, subiri nusu saa.

Usijaribu kuing'oa kahawia kwa unga wa mkaa au mchanga laini. Vitasugua, ndiyo, lakini vitasugua na enameli, nayo haioti tena.

Nataka kutengeneza maji ya kusukutua ya chai ya kijani nyumbani. Rafiki yangu anatia limau, asali na magadi kidogo ili yafanye povu. Naomba vipimo sahihi.
*Mwanafunzi, Nyegezi*

Vyote vitatu viache. Limau lina asidi kali, pH yake ni kati ya 2 na 3, na kulizungusha mdomoni kila siku kunalainisha enameli. Asali tumeshaisema. Magadi ndiyo yanaharibu zaidi kazi yenyewe: EGCG haivumilii maji yenye alkali. Utaona mwenyewe, chai ya njano inageuka kahawia mbele ya macho yako, na rangi hiyo mpya ni ya katekini zilizoharibika.

Kipimo kinachofanana na kilichotumika katika tafiti nyingi ni asilimia 2: gramu 4 za majani, yaani vifuko viwili, kwa mililita 200 za maji ya nyuzi 80. Safari hii loweka dakika 7 hadi 10, maana hunywi, uchungu hautakusumbua. Chuja vizuri kwa kitambaa safi, acha yapoe kabisa, weka kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko. Sukutua mililita 15, sawa na kijiko kimoja kikubwa cha chakula, kwa dakika nzima, ukiyasukuma kati ya meno, kisha tema. Usisuuze.

Muda gani? Wengi watakwambia baada ya mswaki. Sisi tunasema hapana. Baada ya mswaki wa usiku unatakiwa uteme povu na usisuuze, ili floraidi ibaki juu ya meno usiku kucha. Ukisukutua chai hapo hapo unaiosha. Weka chai mchana baada ya kula na jioni unaporudi nyumbani. Yaliyobaki yakae kwenye friji, na kesho yake yamwage. Yakibadilika rangi kabla ya hapo, yamwage siku hiyo hiyo. Kama huna friji, tengeneza nusu ya kipimo na uyamalize siku hiyo.

Harufu ya mdomo itapungua kwa muda, kwa kuwa katekini hushughulika na gesi za salfa zinazotoa harufu hiyo. Ila kiwanda cha gesi hizo mara nyingi kipo nyuma ya ulimi. Kwangua ulimi kila asubuhi kuanzia nyuma kuja mbele, au utakuwa unapulizia marashi kwenye jalala.

Watoto wangu wana madoa ya kahawia kwenye meno ya mbele, na mengine yana mistari myeupe kama chaki. Tunatumia maji ya kisima. Chai ya kijani itayatoa?
*Baba, Kwimba*

Haitayatoa, na kwa watoto hao tungependa usiianzishe kabisa. Maelezo yako yanafanana sana na madoa ya floraidi nyingi. Rangi hiyo haikupakwa juu. Iliingia ndani ya jino likiwa bado linatengenezwa chini ya ufizi, kipindi kinachoishia karibu na miaka 8 kwa meno ya mbele na mengi ya yale yanayoonekana mtu akicheka.

Maji ya Ziwa Victoria yana floraidi kidogo. Visima vilivyochimbwa kwenye miamba ya mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Mara ni jambo lingine: kimoja kinaweza kuwa salama na cha jirani kikawa na nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Huwezi kuionja wala kuiona, lazima maji yapimwe maabara, kwa hiyo peleka sampuli kupitia idara ya maji ya wilaya. Kuyachemsha hakuipunguzi. Kunaizidisha, kwa sababu maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki.

Sasa chai inaingiaje? Mmea wa chai hunyonya floraidi kutoka ardhini na kuihifadhi kwenye majani, na jani kuukuu huwa na nyingi kuliko jani changa. Lita moja ya chai ya kawaida inaweza kubeba miligramu 1 hadi 4, na hapo hujahesabu iliyomo kwenye maji yenyewe. Kwa mtu mzima anayetumia maji ya ziwa, vikombe viwili havina shida, na floraidi hiyo kidogo inasaidia enameli. Kwa mtoto anayekunywa kisima chenye floraidi nyingi ni mzigo juu ya mzigo. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo yana floraidi, mara nyingine nyingi sana. Yaache, loweka maharage usiku.

Kinga mvua kwa ajili ya maji ya kunywa na kupikia ya watoto, ukiyamwaga yale ya dakika za mwanzo yanayoosha vumbi la bati. Kule Ngurdoto, Arusha, kipo kituo cha utafiti kilichojikita katika kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa, na vichujio vya aina hiyo vinafanya kazi ilimradi mkaa ubadilishwe unapochoka. Dawa ya meno yenye floraidi msiiache, ila mpime: chini ya miaka 3, ukubwa wa punje ya mchele, miaka 3 hadi 6, ukubwa wa punje ya njegere, na wafundishwe kutema. Madoa yaliyopo daktari wa meno anaweza kuyafifisha au kuyafunika watakapokua.

Nina ujauzito wa miezi mitano. Fizi zinavuja damu nikipiga mswaki. Nikinywa chai ya kijani nitadhurika?
*Dada, Sengerema*

Hongera, dada. Kikombe kimoja au viwili kwa siku havina tatizo upande wa kafeini. Kikombe cha chai ya kijani kina takriban miligramu 30, na wataalamu wengi hushauri mjamzito asipite miligramu 200 kwa siku kutoka vyanzo vyote, kahawa na soda za kola zikiwemo.

Wasiwasi wetu ni damu. Tanini za chai hushika madini ya chuma yatokayo kwenye mboga na maharage yasifyonzwe, na hufanya vivyo hivyo kwa vidonge vya FEFO, vile vya madini ya chuma na asidi ya foliki unavyopewa kliniki. Ukanda wa ziwa una malaria na kichocho, na wajawazito wengi tayari wana upungufu wa damu. Kwa hiyo FEFO imeze kwa maji, na chai ikae mbali nayo kwa saa mbili, na mbali na mlo kwa saa moja. Kama umeambiwa damu yako iko chini, acha chai hii hadi ujifungue. Meno yako hayatapata hasara kubwa, mtoto anaweza kupata.

Fizi zinavuja kwa sababu homoni za ujauzito huzifanya zikasirikie hata ukoga mdogo. Usiache mswaki kwa kuogopa damu. Kuacha ndiko kunakoongeza damu. Tumia mswaki laini, sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, na nenda ukakwanguliwe. Miezi ya katikati, uliyo nayo sasa, ndiyo rahisi zaidi kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno. Mwambie tu una mimba ya miezi mingapi.

Mchaichai wa bustanini ni chai ya kijani? Na vidonge vya chai ya kijani vinavyouzwa mjini?
*Msomaji, Igoma*

Mchaichai ni nyasi, haina katekini za chai hata kama maji yake ni ya kijani. Ukiunywa bila sukari hauleti ukoga, na hiyo inatosha kuupenda. Boksi la chai ya kijani ya kweli huandikwa Camellia sinensis.

Vidonge, hapana. Vinapita mdomoni bila kugusa jino, na dozi zake kubwa zimewahi kuumiza maini. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ilionya kuhusu miligramu 800 za EGCG au zaidi kwa siku kutoka kwenye vidonge.

Naweza kuinywa ikiwa ya moto sana, kama nilivyozoea? Na majani yanakaa muda gani?
*Mzee, Ukerewe*

Shikamoo, mzee wetu. Iache ipoe. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya koo la chakula, na tatizo ni joto, si majani. Kama unalazimika kunywa kwa kufyonza na hewa ili usiungue, bado ni ya moto mno.

Boksi likifunguliwa, majani yahamishie kwenye kopo linalobana, mbali na jua na jiko, yaishe ndani ya miezi 6 hivi. Yakitoa chai nyekundu badala ya njano, katekini nyingi zimeshakwenda. Na kopo lisikae kabati moja na dagaa. Majani ya chai hunyonya harufu kuliko kitambaa, na ikishaingia haitoki.